Sura ya Nne: Mchunga, Mboga Inayoishi kwa Jembe

Mvua ya kwanza ya vuli ikishapiga Kabuku, mchunga hutangulia kila kitu. Mahindi bado yamo ardhini, kunde hazijachipua, na tayari kwenye shamba la mwaka jana yamejitokeza majani membamba ya kijani, yamelala chini kwa duara. Mwenye shamba akiyaona hushika jembe. Mpishi akiyaona hutafuta ungo. Mara nyingi hao wawili ni mwanamke mmoja, na kazi zote mbili huzifanya siku ile ile: asubuhi anaung'oa mchunga kwa kuwa ni gugu, jioni anaupika kwa kuwa ni mboga.

Wengi wanaoandika juu ya mboga za asili huanza na vitamini. Nitafika huko. Lakini mchunga hauelewi mtu ambaye hajaangalia kwanza unavyoishi chini ya udongo. Fukua taratibu pembeni ya mche mmoja na utakuta shina jeupe linalotambaa kwa chini, lenye vifundo, na karibu kila kifundo kina uwezo wa kutoa mche mwingine. Jembe likipita linalikata vipande vipande. Kila kipande chenye kifundo, kikipata unyevu, huota upya. Mkulima aliyedhani ameua mchunga mmoja huwa amepanda mitano. Na ukiachwa ukatoa maua, mbegu zake zenye nywele nyeupe hupaa na upepo hadi shamba la jirani.

Ndiyo maana ukiingia kwenye msitu uliofunga hutaukuta. Utaukuta kwenye mahindi, kwenye mihogo, kwenye shamba lililopumzishwa, kwenye kiwanja cha nyumba iliyobomoka, kando ya njia za mashamba ya katani. Vitabu huuita mmea wa mwituni, nami nalitumia neno hilo kwa kukosa jingine, lakini mchunga unamfuata binadamu aliye na jembe mkononi. Kwa hiyo hatima yake iko kwenye namna tunavyolima. Haya ndiyo ninayotaka msomaji ayashike katika sura hii yote: kuujua mchunga kwa macho ni nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ni kuujua udongo ulioota, nani analima hapo, na amepitisha nini juu yake.

Kabuku iko wilaya ya Handeni, kwenye barabara kuu inayotoka Chalinze kwenda Segera, kusini mwa Korogwe. Ni nchi ya Wazigua, ya mahindi, mihogo, mbuzi na katani. Mvua zake ni mbili, vuli kati ya Oktoba na Desemba na masika kati ya Machi na Mei, na zote mbili zinaweza kumtupa mkulima. Katani yenyewe ni mgeni. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida mwaka 1893, na ni 62 tu iliyofika hai ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na hiyo yakaenea mashamba makubwa ya Tanga, yakaja na watu wake: tangu mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, Silabu, iliyosafirisha manamba kutoka pande za mbali za Tanganyika. Mpaka leo ukikaa sokoni Kabuku utasikia lafudhi za kila aina, na utasikia mmea mmoja ukiitwa kwa majina matatu na jina moja likibeba mimea miwili. Kwa sababu hiyo usinunue wala kuchuma kwa jina peke yake. Angalia mmea.

Wataalamu wanaujua mchunga kwa jina la Launaea cornuta, na unapatikana kuanzia Ethiopia na Somalia hadi Msumbiji na Zimbabwe. Ni wa ukoo wa alizeti na saladi. Ukiwa mchanga hauna shina la kuonekana: majani yote hutoka mahali pamoja usawa wa ardhi. Ni marefu na membamba, mengine hufika sentimita 25, laini, hayana manyoya, yana rangi ya kijani iliyopauka kidogo. Hayana kikonyo. Ukingo wa jani una meno machache yaliyoachana, na pale chini, jani linaposhika shina, pana ncha mbili zinazochomoza nyuma na kulikumbatia shina. Ncha hizo ndizo ninazomwonyesha kila anayeanza kujifunza, kwa sababu hazisahauliki ukishaziona. Mvua ikiendelea, shina hunyanyuka, lililonyooka, na kwenye ardhi nzuri linaweza kumpita mtoto kwa urefu. Majani ya juu hupangika moja moja, hili upande huu na lile upande ule, yakizidi kuwa madogo. Juu kabisa huja matawi membamba yenye vichwa vidogo vya maua ya manjano, na baada ya maua, pamba nyeupe ya mbegu.

Sasa livunje jani. Lazima litoke maziwa meupe. Jani lisilotoa maziwa si mchunga, hata lifanane vipi. Lakini maziwa peke yake hayatoshi, na hapa ndipo penye hatari. Mimea mingi yenye maziwa meupe ni ya ukoo wa mnyaa, na maziwa ya mnyaa huunguza macho na ngozi, kila aliyewahi kukata ua wa mnyaa anajua. Ndugu wake mdogo, kile kimea cha kutambaa ambacho wengi hukiita mziwaziwa, huota katika mashamba yale yale, tena bega kwa bega na mchunga. Tofauti ziko wazi kwa anayetazama. Mziwaziwa una shina jekundujekundu lenye manyoya, majani mafupi yaliyokaa mawili mawili yakitazamana, na vimaua vidogo vilivyojikusanya kwenye makwapa ya majani. Mchunga hauna manyoya, majani yake hayatazamani, na ua lake ni la manjano juu ya shina refu. Majani yakikaa mawili mawili yakitazamana na maziwa yakitoka, acha. Usionje.

Uko mwingine ambao wengi huuchanganya nao bila madhara. Huo una shina lenye uwazi ndani, majani mapana na laini zaidi yenye vijiba vidogo ukingoni, nao hauna shina la kutambaa chini bali mzizi mmoja wa kwenda chini. Ni wa ukoo ule ule, nao huliwa ukiwa mchanga, na wanawake wengi huuchanganya chunguni kwa makusudi. Mimi naupenda kidogo kuliko mchunga wenyewe, maana ukiiva hulegea mno, lakini sina sababu ya kumkataza mtu.

Mtu mgeni na mboga hizi aanze na mwenyeji, si na kitabu, hiki kikiwa kimojawapo. Nenda naye shambani wakati wa palizi ya kwanza. Mwache achume, wewe uchume, kisha ayachambue ya kwako mbele yako. Atakayotupa ndiyo somo.

Hapo tumemaliza nusu ya kwanza, ya macho. Nusu ya pili ni ngumu zaidi na inazidi kuwa ngumu kila mwaka.

Zamani swali la kujiuliza lilikuwa dogo: je, ni karibu na choo, ni karibu na josho? Josho la ng'ombe hutumia dawa ya kuua kupe, na maji yake humwagika pembeni. Handeni ina mifugo mingi, na ardhi iliyozunguka josho huwa na mbolea, kwa hiyo mchunga wa pale hunona na kuvutia. Usiguse. Vivyo hivyo kando ya barabara kuu. Mabasi na malori ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tanga, Moshi na Arusha hupita Kabuku usiku na mchana, na kwa miaka mingi yalipita yakitumia petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, lakini risasi iliyokwisha kuanguka kwenye udongo haiozi wala haivukizwi na jua. Ongeza mafuta yanayodondoka na vumbi la matairi, na utaona kwa nini majani ya ukingo wa lami ni bora yabaki kwa macho tu. Ingia ndani ya mashamba, mbali na barabara, ndipo uanze kuinama.

Swali la sasa ni dawa ya magugu. Mkulima aliyekuwa akipalilia kwa jembe kwa siku nyingi sasa hubeba bomba mgongoni na kumaliza shamba asubuhi moja. Simlaumu. Palizi inavunja mgongo, vijana wameondoka, na kibarua ni ghali. Lakini lazima tuelewe dawa hizi zinavyofanya kazi. Glaifoseti, iliyoanza kuuzwa mwaka 1974 na ambayo leo ni kati ya dawa za magugu zinazotumika zaidi duniani, haiunguzi jani papo hapo. Huingia kwenye jani, husafiri hadi shina la chini, na kuuzuia mmea kutengeneza viini vya protini unavyovihitaji. Ndiyo maana inauweza mchunga kuliko jembe: inafika kule kwenye vifundo. Na ndiyo maana ni hatari kwa mchumaji: kwa siku kadhaa baada ya kupigwa, jani linabaki kijani, limesimama, zuri. Jicho halioni kitu. Pua hainusi kitu baada ya saa chache. Ukilivunja, maziwa yanatoka. Dalili zote nilizokwisha kueleza zipo, na jani hilo si chakula.

Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka glaifoseti kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Wasimamizi wa viuatilifu wa Ulaya na Marekani wakafikia uamuzi mwingine, na Umoja wa Ulaya ukairuhusu tena mwaka 2023 kwa miaka kumi. Ubishi huo una uzito wake, lakini kwa mtu mwenye ungo mkononi haubadilishi kitu. Viwango vya masalia vinavyoruhusiwa ni vya mazao, si vya jani lililolowa dawa jana na kupikwa leo.

Basi dawa ya tatizo hili ni kuuliza. Niliwahi kuongozana na bibi mmoja kwenye mashamba ya nyuma ya Kabuku, nami nikajitupa kwenye kijisehemu kilichojaa mchunga mzuri ajabu.

"Mwanangu, toka hapo," akasema.

"Kuna nini, bibi?"

"Tazama mahindi, halafu tazama chini. Umeona alama ya jembe?"

Hakukuwa na alama. Mahindi yalifika magotini na udongo haujaguswa tangu kupandwa. Akasema mtu asiyepalilia mpaka mahindi yafike pale ama ni mgonjwa ama amepiga dawa, na mwenye shamba lile hakuwa mgonjwa. Tulikwenda shamba la pili, tukamkuta mama mwenyewe anapalilia. Bibi akamsalimu, akaulizia watoto, akaulizia mbuzi, kisha akauliza kama shamba limepata dawa mwaka huu. Halikupata. Tukachuma pale, na yule mama akafurahi kwa kuwa tulikuwa tunampunguzia kazi.

Adabu hii ya kuuliza ndiyo ninayotaka ifundishwe pamoja na umbo la jani. Mchumaji ambaye hajui shamba ni la nani hapaswi kuchuma hapo. Na wewe unayenunua fungu sokoni muulize muuzaji amechuma wapi. Akikujibu kwa kutaja shamba la mtu, vizuri. Akisema "huko huko tu", nunua mchicha.

Ukinunua, liangalie pia fungu lenyewe. Pale majani yalipokatwa, maziwa hukauka na kugeuka rangi ya kahawia, na kadiri yalivyo meusi ndivyo majani yalivyokaa. Chungulia katikati ya fungu, maana majani machanga huwekwa nje. Shina lenye vifundo vya maua ni la kukataa: limeshakomaa, uchungu wake hautoki hata uchemshe mara tatu.

Uchungu ndio mlango wa mboga hii, na wanaougopa hawaingii. Hutoka kwenye kemikali zilizomo katika yale maziwa, na kwa mmea ni kinga dhidi ya wadudu na wanyama. Huongezeka jua likizidi, mmea ukikomaa na maua yakikaribia. Kwa hiyo chuma mapema, majani ya duara la chini au ncha laini, mvua ikiwa bado inanyesha.

Nyumbani chambua, toa majani yaliyotoboka sana na vishina vigumu, osha kwa maji mengi kwa sababu majani yaliyolala chini hubeba mchanga. Wengine hukata kwanza ndipo wakaosha. Mimi nasema osha na uchemshe yakiwa mazima, ukate baadaye, kwa kuwa kila ulipokata ni njia ya virutubisho kutokea. Maji yachemke kabisa kabla hujatia majani. Tia chumvi kidogo, yaache yachemke bila mfuniko hadi yalegee, kisha mwaga maji yote. Kwa majani machanga mara moja inatosha. Anayechemsha mara mbili na kukamua mpaka mkono uume atapata nyuzi za kijani zisizo na ladha, na hapo sijui kwa nini hakupika kabichi. Kamua kiasi, acha uchungu kidogo ubaki. Huo ndio mchunga.

Kisha nazi. Ikune kwenye mbuzi, chuja kwa kifumbu, weka tui la kwanza pembeni. Chemsha majani kwa tui la pili pamoja na kitunguu na nyanya, na likikauka kidogo ndipo utie tui zito, ukoroge pole pole lisikatike, uepue likianza tu kutokota. Watu wa mwambao huongeza ndimu na pilipili. Ndani huku, kwenye mashamba ambako nazi hununuliwa na haiokotwi, wengi hutumia karanga zilizotwangwa badala ya tui, na kwa kweli karanga hukaa na uchungu vizuri kuliko nazi. Ni upishi unaostahili kusifiwa zaidi ya unavyosifiwa.

Kwa anayeanza, au kwa watoto, changanya. Fungu moja la mchunga kwa mawili ya mchicha, au ya mnavu, au ya majani ya kunde, au ya majani ya maboga. Mnavu nao uchemshwe na maji yake yamwagwe. Mchunga ukichanganywa na kisamvu, kisamvu kitangulie jikoni, kitwangwe na kuiva kabisa, maana kisamvu kibichi kina sumu yake na hakisubiri mboga nyingine. Mlo wa kukamilisha ni ugali wa mahindi, au bada, ule ugali wa muhogo ambao Tanga wanaupenda, pamoja na kipande cha ng'onda aliyechomwa.

Wapo wanaoamini mboga kama hii ni ya njaa, na aliyeipika leo hakuwa na hela ya nyama. Imani hiyo imefanya vijana wengi waone haya. Historia ya Uzigua inasema vingine. Nchi hii imejua njaa kali. Mwanahistoria James Giblin ameandika juu ya ile ya kati ya 1884 na 1886, iliyokumbukwa kwa jina la Kidyakingo, ambapo watu walifikia kula ngozi. Mvua ilipokatika vile, magugu nayo yalikauka. Mchunga hauwezi kuwa chakula cha ukame kwa kuwa wenyewe unahitaji mvua. Ni mboga ya wakati mvua imenyesha, ghala limepungua na mavuno hayajafika, na tumbo hushibishwa na ugali, si na majani. Anne Fleuret, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi Lushoto, alichapisha mwaka 1979 utafiti ulioonyesha kwamba majani ya kuokota yalikuwa kitoweo cha kila mara kwa Wasambaa, sehemu ya mlo wa kawaida. Miaka mingi baadaye Kituo cha Dunia cha Mboga, chenye tawi lake karibu na Arusha tangu 1992, kilipotoa mwaka 2004 matokeo ya uchunguzi wake katika wilaya nne ikiwemo Muheza, mchunga ulikuwemo kwenye orodha. Si mabaki ya dhiki. Ni upishi wa watu wa Tanga, nao una wenyewe.

Na mapishi haya yana ndugu mbali. Roma, majani machungu ya cicoria huchemshwa, hukamuliwa, kisha hukaangwa kwa mafuta ya zeituni, kitunguu saumu na pilipili. Krete, wanawake huokota majani ya mashambani, huyachemsha, huyamwagia mafuta na limau. Mingi ya mimea hiyo ni ya ukoo huu huu, na njia ni hii hii: maji kwanza, mafuta baadaye, kitu kikali au kichachu juu.

Njia hiyo ina maana pia ndani ya mwili. Majani ya kijani kibichi kama haya yana kile kinachogeuzwa na mwili kuwa vitamini A, na hakifyonzwi vizuri bila mafuta. Tui na karanga zinafanya kazi hiyo. Yana madini ya chuma na chokaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, kwa hiyo chuma si jambo la kupuuza. Lakini sitaki kumdanganya mtu: chuma cha majani hufyonzwa kidogo kuliko cha nyama, na kuchemsha na kumwaga maji hupoteza vitamini C nyingi, ambayo ndiyo ingekisaidia chuma hicho kuingia. Hapo ndimu ina kazi kubwa kuliko ladha. Na watu wa Kabuku wana bahati nyingine. Mbele kidogo kuelekea Segera ni Michungwani, ambako machungwa hupangwa kando ya barabara kwa marobota. Chungwa moja baada ya mlo hurudisha sehemu ya kilichomwagwa. Chai, kwa upande wake, huzuia chuma kufyonzwa, ingojee kwanza.

Juu ya dawa nitasema machache. Mchunga hutumika sana kama dawa ya tumbo na ya homa. Msambweni, pwani ya Kenya, umeandikwa miongoni mwa mimea ambayo wenyeji hutibia malaria, na watafiti wameujaribu kwa panya maabarani. Panya si mtoto wako. Homa ikipanda, nenda kituo cha afya mkapime na mpate dawa mseto. Mchunga mpikie akipata nafuu.

Wakenya wamekwenda mbele yetu katika kuipa mboga hii heshima ya soko. Kilifi, Kwale na Mombasa, mchunga huuzwa wazi kama sukuma wiki, na Patrick Maundu na wenzake wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliuandika kwa kirefu katika kitabu chao cha mimea ya chakula cha mwaka 1999. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema. Lakini soko likikua na mashamba yakizidi kupigwa dawa, mchumaji atasukumwa kwenye kingo za barabara, pale pale nilipokataza. Wanawake wa Benin wameonyesha njia. Kule wana ndugu wa karibu wa mchunga, anayeliwa pia na Wayoruba wa Nigeria, na badala ya kumfuata mbali wameanza kumpanda karibu na nyumba zao.

Kabuku inaweza kufanya hivyo, tena bila kununua mbegu. Wakati wa palizi, yale mashina meupe yanayotupwa juani yaokote kutoka shamba usilo na shaka nalo. Kata vipande vya urefu wa kidole, kila kimoja kiwe na vifundo viwili au vitatu. Usivipande kwenye bustani, vitaimeza. Uvipande kwenye gunia la udongo uliochanganywa na samadi iliyooza, au kwenye beseni bovu lililotobolewa chini, kina cha vidole viwili, na uliweke juu ya mawe au bati ili mashina yasiingie ardhini. Mwagilia jioni, kwa maji yasiyo na sabuni. Majani yakijaa chuma ya nje tu, ukiacha yale madogo ya katikati. Shina la maua likianza kunyanyuka, likate usawa wa udongo kabla halijafungua ua la kwanza, uongeze samadi kidogo, na duara jipya la majani litatoka pembeni. Hayo ya pili huwa laini kuliko ya kwanza, na yanapikika peke yake, bila mchicha.